Mmemuua Mtu Asiye Wenu

Kanda, Tokyo
3 Desemba 1989

Shangazi Mitsue,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na theluji haijafika madirishani. Huku Tokyo baridi ni ya mzaha tu, watu wanavaa makoti mazito kwa fasheni. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo kwa kula tambi za kopo ofisini miezi mitatu mfululizo. Usimwambie mama. Baba mpe pole ya kuchuma matufaha peke yake, na umwambie mwaka ujao nitakuja kumsaidia. Najua atasema mwaka jana nilisema hivyo hivyo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kwenye kifurushi hiki kuna gemu yetu ya Bonde la Taa Saba, sehemu ya pili. Fungua kijitabu chake, ukurasa wa mwisho kabisa, utaona: Hadithi, Ogasawara Kazuyo. Ile ya kwanza niliandika maneno ya wauza duka na walinzi wa malango tu. Hii ni yangu, Shangazi, tangu mstari wa kwanza.

Najua ile ya kwanza mliicheza hapo kwenye duka lako la kinyozi mpaka pedi ya kuchezea ikachubuka, wewe na wateja wako. Nilipokuja Agosti ya mwaka jana nikakuta ramani mlizochora kwa mkono zimebandikwa juu ya orodha ya bei, niliona fahari ambayo sikuisema. Kwa hiyo wewe ndiye hakimu wangu. Safari hii tumeondoa kero zote. Mtu hapotei tena, maana kuna mshale mdogo juu ya skrini unaomwonyesha pa kwenda. Hakuna kuchora ramani, imo ndani tayari. Na mwanzo wake, naapa, utakuliza.

Niandikie upesi. Niambie umefika wapi.

Mtoto wako,
Kazuyo

*

Yokote, Akita
29 Desemba 1989

Mwanangu Kazuyo,

Marahaba. Theluji imefika madirishani, asante kwa kuuliza, na imepita. Baba yako alipanda paani kuiteremsha, akateleza, akaangukia lundo lilelile alilokuwa ameliteremsha, kwa hiyo hakuumia kitu ila heshima. Mama yako anamchekea jikoni ili asimwone. Matufaha yamekuwa makubwa mwaka huu, ila mvua ya Septemba imeyapunguzia utamu.

Figili zangu za kukausha kwa moshi ziko tayari. Nimekutumia nne. Moja mpe mwenye nyumba wako, ili siku ukichelewa kodi akumbuke figili. Mzee Takanohashi, yule mstaafu wa posta, anakusalimu sana. Mwalimu Nagai wa hesabu naye anakusalimu, anasema bado anashangaa wewe uliyekuwa ukipata alama kumi na mbili darasani kwake unafanya kazi ya kompyuta. Nimemwambia kompyuta zina watu wake, wewe unaandika maneno.

Gemu imefika salama. Sanduku lake ni zuri, gumu. Rangi zimependeza. Jina lako tumeliona, Mzee Takanohashi amelisoma kwa sauti mara mbili. Mwisho wa mwaka kila mwanamume wa mji huu anataka kuingia mwaka mpya amenyolewa, sijapata nafasi ya kukaa chini. Tutazungumza.

Acha tambi za kopo.

Shangazi yako,
Mitsue

*

Kanda
20 Januari 1990

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Figili zimefika, mwenye nyumba alinipigia magoti. Nilikula mochi tatu, ile mikate ya mchele ya mwaka mpya, peke yangu chumbani nikitazama televisheni, nikawakumbuka wote. Mguu wa baba unaendeleaje? Mama kaniambia kwenye simu kwamba si heshima tu iliyoumia.

Umecheza? Nakuuliza kwa sababu hapa mambo si mazuri. Imeuzika, hilo halina ubishi, watu walipanga foleni asubuhi madukani. Lakini kwenye kila sanduku tunaweka kadi ya maoni, stempu juu yetu, na kadi zimeanza kumiminika. Bosi wetu, Bwana Kuramochi, kanikabidhi mimi nizisome zote. Ambao hawakuicheza ile ya kwanza wanasema nzuri. Walioipenda ile ya kwanza wamekasirika, na hawasemi kwa nini. "Si ileile." "Haina roho." "Nirudishieni bonde langu." Sasa mtu utafanya nini na maneno kama hayo?

Bosi kaniita ofisini kwake. Akasema, "Mpaka mwisho wa Machi. Asipopatikana wa kunieleza kilichowaudhi watu hawa, hakuna sehemu ya tatu. Na wewe utakwenda kuandika vijitabu vya maelekezo vya gemu za mahjong." Hakuwa hata na hasira. Alikuwa akichonga penseli.

Shangazi, mimi nimekuwa nikitunga hadithi tangu darasa la nne, unajua. Nikipelekwa kwenye vijitabu sitatoka tena. Nahitaji mtu mmoja tu aliyeipenda ile ya kwanza anieleze ukweli. Kama ni ule mwanzo, shujaa wa zamani kufia langoni, hayo yalikuwa maamuzi ya wakubwa, mimi nilitumwa tu kuandika.

Umefika wapi?

Kazuyo

*

Yokote
14 Februari 1990

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wa baba yako umepona, sasa anachechemea akikumbuka tu. Kesho ni siku ya vibanda vya theluji, na chetu mwaka huu kimesimama wima, tofauti na cha mwaka jana kilichomwangukia mke wa fundi saa. Nimeandaa amazake, kinywaji kitamu cha mchele, na mochi za kuchoma. Mama yako kanunua mkeka mpya wa kukalia, mwekundu.

Mimi nina kikohozi kidogo. Si kitu.

Gemu nimefika mbali kiasi. Ni nzuri. Watu wakubwa wa Tokyo wanajua wanachofanya, usijisumbue na kadi za watu wasio na kazi. Na hata vijitabu vya maelekezo, mwanangu, navyo ni maandishi. Mtu asiyejua mahjong akisoma akajua, si umemsaidia?

Vaa soksi mbili.

Mitsue

*

Kanda
26 Februari 1990

Shangazi,

Shikamoo. Wote huku hawajambo, mimi sijambo, tuendelee.

Jana nilifika kwenye furushi la kadi za mkoa wa Akita. Nikakuta kadi kumi na moja zenye muhuri wa posta ya Yokote, zote za tarehe moja, na zote kumi na moja hazina jina. Nikajiuliza, ni mji gani huu ambao watu kumi na mmoja wamesahau majina yao asubuhi moja?

Lakini mji wetu ni wa watu waungwana. Fomu hawawezi kuiacha wazi. Kwa hiyo visanduku vingine vyote vimejazwa kwa wino, kwa mwandiko safi, bila kuruka hata kimoja. Kadi ya kwanza: umri sabini na moja, kazi, mstaafu wa posta. Ya pili: kazi, mwalimu wa hesabu. Ya tatu: mwanamke, umri hamsini na nane, kazi, kinyozi.

Nilicheka mpaka Hirabayashi, anayeandika programu meza ya jirani, akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikasoma majibu yako, nikaacha kucheka.

Kilichokufurahisha zaidi ni nini? "Sanduku. Linafaa kuwekea vibanio." Ulicheza muda gani? "Dakika kumi na mbili." Una lolote la kutuambia? "Mmemuua mtu asiye wenu."

Dakika kumi na mbili, Shangazi. Na wiki mbili zilizopita uliniandikia kwamba umefika mbali kiasi, na kwamba vijitabu vya mahjong navyo ni maandishi. Nimelia kwenye choo cha ofisini, nakwambia wazi. Si kwa sababu hukuipenda. Ni kwa sababu umewaambia wageni wa Tokyo ukweli, mimi ukanipa habari za mkeka.

Kadi elfu nne nimesoma, na hiyo yako ndiyo pekee iliyosema kitu. Lakini siielewi. Mtu gani? Asiye wetu kivipi? Yule ni shujaa wa gemu, tulimchora sisi. Nimebakiwa na mwezi mmoja. Tafadhali usinihurumie.

Kazuyo

*

Yokote
8 Machi 1990

Kazuyo,

Marahaba. Mzee Takanohashi hajatoka nje tangu barua yako ifike. Yeye ndiye aliyetuhakikishia kwamba kadi isiyo na jina haijulikani imetoka wapi, na miaka arobaini alikuwa akigonga muhuri wa Yokote kwa mkono wake mwenyewe. Kuhusu kisanduku cha kazi, nilikiona, nikafikiria kuandika uongo. Lakini ni fomu.

Unataka ukweli, haya. Ila kwanza jambo moja. Desemba uliniandikia kwamba hadithi hii ni yako tangu mstari wa kwanza. Januari mwanzo wake umekuwa wa wakubwa. Sikuulizi. Nakuonyesha tu kwamba barua zako nazisoma.

Tokuzo wangu alifariki Aprili ya mwaka themanini na sita. Ile kaseti ya gemu ya kwanza uliituma vuli ya mwaka uliofuata, na karatasi iliyosema, ya kuwachezesha wateja wako. Nikaiwasha ili wanaosubiri wasinilalamikie. Kitu cha kwanza gemu ikataka jina la shujaa, nafasi nne za herufi. Kwa herufi zetu za kana jina la Tokuzo ni nne kamili. Sikufikiri hata kidogo, mkono uliandika wenyewe, nikabaki natazama jina la mume wangu limekaa pale juu ya kijitu kidogo chenye upanga.

Uelewe jinsi mambo yalivyokuwa. Tangu mazishi, mwaka na nusu, hakuna mteja aliyethubutu kulitaja jina lake mbele yangu. Walikuwa wakija kunyolewa na kuzungumza habari za hali ya hewa. Nilikuwa naanza kuona kama mimi peke yangu ndiye niliyewahi kumfahamu. Na sasa, kwa ajili ya gemu yenu, likawa linatajwa mara ishirini kwa siku. Mtu anaingia, hata koti hajavua: "Tokuzo yuko wapi leo?" Mwingine anamjibu, "Yuko kisimani, kakosa ufunguo." "Huyo kawaida yake, funguo hajui kuweka." Na kweli alikuwa hajui. Wakacheka, na mimi nikacheka, mkasi mkononi.

Akizidiwa na mazimwi hakuna aliyesema amekufa. Mzee Takanohashi siku ya kwanza alisema, "Tokuzo kasinzia," na ikawa hivyo mpaka mwisho. Tulimwamsha mara mia tatu hivi. Siku alipowasha taa ya saba akaelekea milimani, mzima, mgongo umetugeukia, duka zima lilipiga makofi na Mwalimu Nagai akaenda kununua pombe ya mchele. Usiku ule nililala kama nisivyowahi kulala tangu aondoke.

Wewe hukujua kwa sababu kila ulipokuja nilificha kaseti kwenye kabati la taulo, usije ukaliona jina. Niliona haya. Mwanamke wa umri wangu.

Sasa ikaja hii ya pili. Watu kumi walikwenda kununua za kwao kwa sababu jina lako limo. Tukakubaliana siku ya kwanza tuitazame pamoja dukani. Kijana, shujaa mpya, anafika langoni, anamkuta mzee amelala kwenye damu yake, anapiga kelele: huyu ndiye shujaa wa taa saba, huyu ni Aldo. Aldo! Ni nani Japani nzima aliyemwita shujaa wake Aldo? Mlimvua jina tulilompa mkamvika lenu, ndipo mkapata ujasiri wa kumuua. Nilingoja mtu aseme kasinzia. Hakuna aliyesema. Nikazima. Zilikuwa dakika kumi na mbili, Mwalimu Nagai alikuwa na saa.

Wenzangu walikwenda kuimalizia makwao. Ndipo nikaona jambo la pili, na hili pia umwambie bosi wako, kichwa chake cha boga. Ramani zile za ukutani hatukuzibandika ili kupamba. Mlipoweka mshale mkasema mmeondoa kero, kero hizo ndizo zilizokuwa zikimfanya mtu akimaliza kunyolewa akae saa nzima zaidi akibishana na asiyemjua kuhusu mlango wa tatu. Sasa kila mtu anafuata mshale nyumbani kwake, kimya. Mwalimu Nagai aliimaliza kwa siku nne. Nikamuuliza, ikoje? Akasema, "Nilifika." Hana lingine. Mwaka juzi mtu huyo alinichorea pango kwenye kitambaa cha shingoni kwa kalamu ya wino usiofutika, na sikumgombeza.

Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mtoto wetu, na niliogopa ukiujua ukweli utaacha kuandika. Nikakupa habari za mkeka. Nilikosea. Sasa umeujua, nenda ukapigane.

Mitsue

*

Kanda
30 Machi 1990

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko.

Ule mwanzo niliuandika mimi. Wakubwa walitaka gemu ianze na sherehe kijijini. Nilibishana nao wiki mbili nzima. Nilitaka watu walie, Shangazi, ili ijulikane kwamba sasa nimekuwa mwandishi wa kweli. Hata jina la Aldo nililichagua mimi, kwenye treni, kati ya vituo viwili. Sikumjua niliyekuwa namuua. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikakaa palepale. Naomba radhi kwako, na kwake.

Jana ndipo mkutano wenyewe ulipofanyika. Tulikuwa saba mezani. Bwana Kuramochi akasema, haya, nani ana jibu. Wawili walisema bei. Mmoja alisema picha. Nikasimama nikaisoma barua yako yote, mpaka penye kinyozi na fomu, ila nikaruka kichwa cha boga. Nilipofika kwenye "Tokuzo kasinzia" nikanywa maji, nikaendelea.

Nilipomaliza niliikunja barua. Basi nikawauliza, ninyi ile ya kwanza mlimpa shujaa jina la nani? Hirabayashi akasema la mbwa wao, aliyekufa yeye akiwa kwenye mtihani. Dada Orie, anayetunga muziki, akasema la kaka yake aliyehamia Brazili na haandiki. Yule aliyesema bei alitaja jina la kike, kisha akasema si mkewe na tusimuulize. Ikafika zamu ya Bwana Kuramochi. Akaichukua kadi yako niliyokuwa nimeiweka mezani mbele yake. Akasema, "Mimi niliandika A, A, A, A. Nilikuwa na haraka."

Bosi akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Akasema, "Kwa hiyo humu ndani mimi ndiye pekee ambaye sikufiwa."

Kisha akanitazama. "Kaandike ya tatu. Mshale utoke. Na asiguswe mtu yeyote mpaka tumeuliza ni wa nani."

Nimepewa, Shangazi! Nilitoka nikanunua keki mbili kubwa za krimu, nikazila zote mbili nimesimama kituoni, watu wakinitazama, nami nikiwatazama. Sitakwenda kwenye mahjong. Mwambie Mzee Takanohashi atoke nje, amenisaidia kuliko watu wote wa Tokyo. Mwambie baba pia, kwa namna yoyote atakayoelewa.

Kazuyo wako

*

Kanda
25 Novemba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Najua. Miezi ishirini, na umepata kwangu kadi za mwaka mpya na simu tatu, mbili nikiwa nusu usingizini. Sina la kujitetea. Harusi ya binamu ilinipita, mazishi ya babu wa jirani yalinipita, na mama anasema nikija nyumbani mbwa atanibwekea.

Sehemu ya tatu ndiyo hii. Sikwambii utacheka wala utalia. Kwenye sanduku kuna karatasi tupu zenye miraba, za kuchorea. Bwana Kuramochi ndiye aliyeagiza ziongezwe, kutoka tano hadi kumi na mbili.

Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mkutano.

Kazuyo

*

Yokote
16 Desemba 1991

Kazuyo,

Theluji ipo, baba yako yupo, figili zipo, wote wazima. Mengine siku nyingine, sina nafasi.

Siku ya kwanza walikuja watu ishirini na watatu, na kwangu viti vya kusubiria ni vinne. Mke wa fundi saa alisimama juu ya ndoo. Nikawasha. Ukatokea mto, na bibi anafua nguo. Bibi akainua kichwa akauliza, "Aliyepita hapa kabla yako alikuwa akiitwa nani?" Na nafasi nne za herufi.

Nikaandika.

Bibi akasema, "Tokuzo. Ndiye aliyewasha taa ile kule juu. Alisema ana haraka, lakini alikaa akanywa chai."

Basi, hakuongeza neno. Hakusema yuko wapi, hakusema amekufa au yu hai. Akarudi kwenye nguo zake. Nililia mbele ya watu ishirini na watatu, nikalia kwa furaha, na sikuona haya hata chembe. Mzee Takanohashi akajipenga pua akasema, "Ndiye huyo. Chai ilikuwa haimpiti." Na toka hapo watu wakaanza. Kila mmoja ana lake kuhusu Tokuzo na chai, mengine mimi mkewe sikuwahi kuyasikia. Tulikaa saa mbili tusibonyeze kitu.

Wengine wameandika majina ya watu wao kwenye kaseti zao. Fundi saa kaandika la baba yake. Mwalimu Nagai kaandika jina ambalo hataki kulisema, na hakuna anayemuuliza.

Lakini wewe mtoto ni mkatili. Hilo daraja la tatu! Siku ya tisa leo nimekwama hapohapo. Ukuta umejaa, orodha ya bei sasa haionekani kabisa, wateja wananilipa kwa kukisia. Jana sabuni ilimkaukia Mzee Takanohashi usoni, kanyolewa upande mmoja, kwa sababu alikuwa akigombana na mke wa fundi saa, yeye anasema kushoto kwenye jiwe na mwanamke anasema jiwe ni danganya toto. Alikwenda nyumbani hivyo hivyo, nusu ndevu, bado anabisha barabarani. Watu wanaingia wasiotaka hata kunyolewa. Muuza tofu kaja mara tatu leo, na sinunui tofu mara tatu.

Mwenzako Hirabayashi alipiga simu kwa heshima zote, ati Bi Ogasawara anauliza kama Shangazi angependa kudokezewa. Nilimkatia. Mwambie samahani kwa kukata, ila asirudie. Na wewe vilevile, ukithubutu kuniandikia njia ya daraja lile, barua naichoma bila kuisoma.

Mwalimu Nagai kavuka. Kavuka juzi, na tangu hapo anatembea mjini na tabasamu lake, haambii mtu. Ameweka miadi ya kunyolewa ndevu kesho saa tatu. Atalala kwenye kiti changu, shingo nje, nami nitamuuliza kwa upole.

Umeweza, mwanangu. Sasa niache nicheze.

Shangazi yako,
Mitsue